Mjomba Aliyeangushwa na Heshima Yangu

Mwanangu, kuna siku moja ambayo kichwa changu kinakataa kuisahau. Ilikuwa pale Kashebere, miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa mtu wa haya. Ukinisalimia, nilijibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Shule yangu iliishia ya msingi, kwa hiyo nakuandikia polepole. Lakini jambo lenyewe nalijua vizuri, maana aliyekosea ni mimi.

Mzungu mmoja alikuja kwetu milimani Masisi, karibu na Burungu, kufundisha mpira wa kikapu. Jina lake Zivko. Hakuwa Mbelgiji. Alitoka Serbia, ndani ya nchi iliyoitwa Yugoslavia, na sisi hatukuwahi kuisikia. Kabla yake hakuna mtu kwetu aliyeona kikapu kisicho na chini. Mama mmoja alimwuliza, "Sasa maharagi itabaki namna gani mule?" Zivko akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni, akiziba mpira wetu uliotoboka, alitusimulia maisha yake. Baba yake alikuwa fundi viatu. Vita vilipoisha kwao, yeye akiwa kijana, alichukua mkanda wa chuma wa pipa akaupigilia kwenye ukuta wa ghala lililoungua. Mwalimu hakuwepo. Sheria za mchezo alizinakili kwa mkono kutoka gazeti kuukuu. Goti lake liliharibika mapema, akaacha kucheza, akaanza kufundisha wasichana wa kiwanda cha nguo. Watu wa mji walimcheka, wakasema anapoteza wakati. Wale wasichana wakashinda timu za miji mikubwa, ndipo wakubwa wakamwita afundishe wanaume, na vijana wake kadhaa wakavaa jezi ya taifa. Kongo alifika pamoja na mafundi wa barabara. Wenzake waliporudi kwao, yeye alibaki nasi.

Ufundishaji wake ulikuwa wa ajabu. Wiki mbili nzima alitukataza kutupa mpira kikapuni. Tulipeana tu, tukipiga kelele. Kila mmoja alipaswa kumwambia mwenzake asichokiona.

"Sema!" alikuwa akituambia kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Muntu ya mupira hana macho mugongoni. Macho yake ni weye!"

Kwa wengine niliweza, ingawa kwa sauti ndogo. Kwa kapiteni wetu sikuweza. Kapiteni alikuwa Mjomba, kaka yake mama, mwalimu wa darasa la tatu. Kwetu humpazii mjomba sauti mbele ya watu, sembuse kumwamuru ageuke. Siku ya ndoa yako yeye ndiye anayesimama kukusemea, na neno lake linaweza kufungua mlango au kuufunga. Basi mpira ukiwa kwa Mjomba, mimi nilinyamaza.

Zivko aliliona hilo. "Kwa Mujomba unakuwa bubu?" aliniuliza. Wenzangu wakacheka. Mjomba naye akacheka kidogo. Nilidhani anafurahi kwamba namheshimu.

Kisha Direkta, mkuu wa shule alikofundisha Mjomba, akatuita. Kiwanja chetu kilikuwa shamba zamani, na wazee walikuwa wanalidai. "Mutaenda kucheza na vijana ya Walikale," alisema. "Mukishinda, kiwanja inabaki na Mwalimu Zivko anabaki. Mukishindwa, tunapanda maharagi, na yeye anarudi kwao."

Tulipanda kamio, lori la mizigo, juu ya magunia, tukashuka mpaka Kashebere. Watu wa Walikale, wenyeji wa msituni, walijaa pembeni wakitutania sisi wafugaji wa milimani.

"Eh, batu ya Masisi! Mupira haiko ngombe, musiifukuze na fimbo!"

"Na nyie, mumetoka lini mu pori?" mama wa kwetu aliyekuja kuuza maharagwe akawajibu. "Jua haiwaumize macho?"

Hata Zivko alicheka. Lakini alikuwa amepauka.

Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja. Ilibaki kuushika mpira tu mpaka filimbi ilie. Mjomba alikuwa nao, amewapa wapinzani mgongo, anatafuta wa kumpa. Mimi nilisimama hatua nne kutoka kwake. Nilimwona kijana mrefu wa Walikale akimjia nyuma, taratibu. Nilimwona kabisa, mwanangu. Neno lilifika kooni: "Nyuma!" Nikaona macho ya watu wote wale, nikaona kwamba nitamfokea mjomba wangu mbele yao. Nikalimeza.

Yule kijana akampokonya mpira, Mjomba akaanguka kifudifudi, na mpira ukaingia kikapuni mwetu. Filimbi ikalia.

Tukiwa ndani ya kamio Zivko alikaa karibu nami. Hakupaza sauti.

"Ulimuona ule kijana?"

"Nilimuona, Mwalimu."

"Juu ya nini haukusema?"

"Ni Mujomba," nikajibu.

Akageuka kutazama barabara.

Jumatatu Direkta alitupanga mstari. "Mupira ya mwisho," alisema, "kosa ilikuwa ya nani? Kama haiko ya Zivko, anaweza kubaki."

Mjomba akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Nilijua jibu. Safari hii heshima haikunizuia. Nilikuwa naogopa tu.

"Ni yangu," Zivko akasema. "Mimi ndio nilifundisha mubaya."

Nikamwacha aseme hivyo. Wiki iliyofuata aliondoka kuelekea Goma, juu ya mizigo ya watu. Alitushika mkono mmoja mmoja. Aliponifikia alisema, "Weye unaona vizuri sana," akapanda.

Mvua zilipoanza tulipanda maharagwe pale. Siku hiyo, tukiwa na majembe, nilimweleza Mjomba yote. Alisimama.

"Ulimuona?"

"Ndiyo, Mujomba."

"Ulifikiri unaniheshimu. Mutoto, uliniacha nianguke mbele ya watu. Ungenifokea, ningegeuka, na jioni ningekushukuru. Na ule muzungu ungelimwokoa kwa kusema tu, 'Ni mimi.' Sasa nitamuomba musamaha wapi?"

Hakuongea nami tena mpaka mavuno. Siku ya ndoa yangu alisimama akanisemea, lakini nilijua kuna kitu kilichovunjika.

Mwanangu, heshimu wakubwa. Wape kiti, wape maji, wasikilize mpaka wamalize. Lakini ukimwona mkubwa wako anakaribia kuumia, mfokee, hata mbele ya kanisa zima. Hasira yake itapita. Na mtu akibeba kosa lako mbele yako, fungua mdomo siku hiyohiyo, kwa maana kesho huenda ameshapanda gari, na huna pa kumfuata. Mimi nilimtafuta Zivko kwa kuuliza wasafiri miaka mingi. Hakuna aliyemjua.

Nawe ukiwa mkubwa, waambie walio wadogo kwako kwamba wanaruhusiwa kukupigia kelele. Mjomba hakuwahi kuniambia. Mimi nakuambia.

Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kusema kwa wakati wake. Akulinde barabarani na shambani, na asikuache kamwe bila mtu wa kukuita ugeuke.