Wimbo Uliokwama Ubeti wa Tatu

Siku ile ya wazazi pale shuleni Kaniha bado naikumbuka: nimesimama mbele ya wanafunzi ishirini wa kidato cha kwanza, niwaongoze kuwaimbia wageni wimbo. Mwanangu, nisamehe kukuita hivyo. Nakuzidi miaka michache tu, ila ualimu umenizeesha upesi, na wewe unaanza kufundisha muziki Jumatatu.

Muziki nilijifundisha mwenyewe, kwa simu na kinanda cha kuazima. Kila siku niliogopa kwamba atatokea mtu aliyeusomea kweli agundue kuwa sijui. Mkuu wa shule naye alikuwa ameniambia waziwazi: wimbo ukiharibika siku hiyo, vipindi vyangu vinakwenda kwa hisabati.

Basi nikawakaza. Katika mazoezi, sauti moja ikiteleza kidogo tu, nagonga meza: "Turudie mwanzo." Kwenye ubeti wa tatu kulikuwa na mahali sauti inapanda ghafla, na hapo hakukosekana mtu wa kuteleza. Wiki tatu nzima, mwanangu, hatukuwahi kupavuka. Ubeti wa mwisho walikuwa nao kwenye daftari tu.

Siku yenyewe waliimba vizuri hata nikaanza kupumua. Wakafika ubeti wa tatu, sauti ikapanda sawasawa, halafu wote wakanyamaza. Walikuwa wananitazama, wakisubiri nigonge meza.

Mkuu wa shule akaangalia viatu vyake.

Ndipo Kabula, binti mwembamba wa safu ya nyuma, akaanza kukanyaga chini kwa mguu, kama wafanyavyo kwao wanapolima pamoja, akaendelea na wimbo. Alikosea. Wenzake wakamfuata, nusu yao wakakosea pia, lakini walikuwa wanacheka, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka wimbo ukaisha.

Baadaye nikamfuata bibi yake Kabula, nikitaka kumwomba radhi kwa aibu ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hivi wewe ukipalilia, jembe likikata mhindi mmoja, unarudi kulianza shamba upya?"

"Hapana, bibi."

"Afadhali. Maana ulivyokonda hivyo, nilidhani ndivyo unavyolima." Akacheka hadi akashika ubavu, nami nikacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

Vipindi vyangu niliachiwa. Mkuu wa shule alisema tu kwamba safari nyingine niwafundishe wimbo wote.

Kwa hiyo, mwanangu, waache kwanza wafike mwisho pamoja na makosa yao, kisha mrudi kunyoosha palipopinda. Mtoto anayesimamishwa kila anapokosea hujifunza kusimama tu. Hata leo mkono huniwasha nikitaka kuigonga meza. Siku hizi naukalia. Mungu akujalie masikio makali na mkono mtulivu, na kila wimbo utakaouanza na wanafunzi wako, akufikishe ubeti wake wa mwisho.