Nilisema Punda Atadoda

Kibanda chetu cha video kiko Nzuguni, nyuma ya nyumba tunayoishi, na ukuta mmoja tu ndio unaotenganisha kitanda changu na benchi la nyuma. Vibanda vya aina hii wengi huviita vibanda umiza, kwa sababu ya mabenchi yasiyo na pa kuegemea. Mimi jina hilo silipendi. Nilikijenga mwenyewe, tofali za kuchoma na bati, na kwa miaka mingi sauti iliyosikika humo ndani ilikuwa moja, nayo ni yangu. Filamu huja ikisema Kiingereza, au lugha nyingine nisiyoijua hata salamu yake. Mimi hukaa kando ya skrini, nikapunguza sauti yao, nikashika maiki na kuweka ya kwangu. Watu wanaita kazi hiyo kutafsiri. Ukweli ni kwamba nusu natafsiri, nusu natunga.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nililetwa Dodoma na kazi za ujenzi, nikaoa, nikabaki. Na mtu wa Tanga ukishampa maiki usitarajie atakurudishia kwa hiari.

Tuna grupu la simu la wenye vibanda, sisi wa Nzuguni, wenzetu wa Ipagala na wa Ihumwa, na humo nilikuwa naitwa Mtabiri. Katuni mpya ikitoka huko ng'ambo, nilisoma habari zake kwanza: imeanzaje, kumbi zimejaa au zimepwaya, wiki ya pili imeshuka au imeshikilia. Kisha nawaandikia wenzangu: hii itajaza, hii itadoda. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo wengi walichelewa kuligundua. Filamu ya ngumi hujaza siku ya kwanza na kufa siku ya pili, maana aliyeiona keshawasimulia wenzake nani kafa. Katuni ni kinyume chake. Mtoto akiipenda anarudi kesho, anarudi na mdogo wake, na kesho kutwa anaisema kabla yako. Na mama zao nao wana hesabu zao: ukitaka kupika sikukuu kwa amani, peleka wote kwenye katuni. Kwa hiyo niliwaambia wenzangu mara nyingi kwamba katuni haipimwi siku ya kwanza. Waliniheshimu kwa hilo, nami niliipenda heshima hiyo, sina haja ya kuficha.

Mke wangu ni Mgogo wa hapa hapa, mwalimu wa chekechea, na mtaa mzima unamwita Madam. Kibandani hakuwa na kazi zaidi ya kukaa mlangoni Jumamosi na kuwakemea wanaosukumana. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, na mimi niliona tuko sawa.

Halafu ukaja msimu wa upepo. Anayeujua upepo wa Dodoma kabla ya mvua anajua vumbi lake linavyoingia hata kwenye chumvi. Mwaka huo liliingia kooni mwangu likakaa. Sauti ikapotea kabisa, nikawa nanong'ona kama mgonjwa, na Jumamosi ilikuwa imefika, watoto wako mlangoni na katuni imeshatangazwa.

"Nipe mimi," akasema mke wangu.

"Utaweza?"

"Si kuongea tu? Siku nzima naongea na watoto."

Nikaenda kulala. Nilijua nitaitwa baada ya dakika chache kuja kuomba radhi kwa ishara. Katuni yenyewe nilikuwa nimeshaitafsiri mara nyingi, nilijua watoto wanacheka wapi: bata anapodondoka kwenye tope, na mwishoni mpishi anapokimbizwa. Sehemu nyingine zote ni kimya tu. Nikalala nikasikiliza kupitia ukutani.

Wakacheka mwanzoni, kabla hata bata hajatokea. Wakacheka tena mahali ambapo hakuna kitu, ninaapa hakuna kitu, mlango unafunguliwa tu na mtu anaingia. Nikainuka kitandani. Bata alipodondoka kwenye tope walipiga kelele mpaka bati likaitikia.

Niseme wazi: nilimwonea wivu mke wangu. Wivu wa mapenzi naujua, huu haukuwa huo. Angekuja mwanamume kumzungukazunguka, ningejua pa kuanzia. Lakini utagombana na nani kwa sababu watoto wamecheka? Alipoingia ndani amejaa jasho na furaha, akaniuliza kama nimesikia. Nikanong'ona kwamba nilikuwa nimelala.

Sauti yangu ilirudi, na mimi nikarudi kwenye kiti changu. Nilijiambia kipya kinyemi ingawa kidonda, watasahau. Hawakusahau. Walianza kuchungulia mlangoni kabla ya kuingia. "Shikamoo mjomba. Leo anatafsiri nani?" Mtoto hana hata meno ya mbele, anakuuliza swali hilo usoni, na ukimwambia ni wewe anavaa ndala zake vizuri na kusema atarudi baadaye. Jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba la zabibu upande wa pili wa barabara, aliniambia bila hata kupepesa macho, "Mwenzio ana kipaji, baba. Wewe unasema vizuri, lakini yeye anachekesha." Nikamshukuru. Tangu siku ile zabibu zake naziona chachu.

Krismasi ilipokaribia, mambo yakafika kilele. Sikukuu ndiyo mavuno yetu. Watoto wana nguo mpya na hela walizopewa na wajomba, na kibanda kitakachochagua katuni sahihi kitatajwa mpaka Pasaka. Mimi nilikuwa nimeshachagua: katuni ya paka wanaokwenda mwezini. Huko ng'ambo ilikuwa imevunja rekodi, kumbi zimefurika wiki baada ya wiki. Niliiandika kwenye grupu na wenzangu wakaitikia wote kwa vidole gumba.

Mke wangu akasema yeye anataka ya punda.

Nilikuwa nimeiona. Bibi kizee anapeleka chumvi sokoni na punda wake, na punda kila akifika mahali anakataa kwenda. Basi, hiyo ndiyo hadithi. Hakuna vita, hakuna mwezi. Huko ilikotoka ilianguka siku ya kwanza, waliiondoa kwenye kumbi kabla watu hawajajua ipo.

"Hiyo imedoda kwao," nikamwambia. "Kwetu itaamkaje?"

"Kwao wana punda?"

"Punda wanahusiana nini na biashara?"

"Mume wangu, watoto wa hapa wamekaa nyuma ya punda tangu hawajajua kutembea. Wanamjua akigoma anavyofanya masikio."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema, kwa ile sauti ya darasani inayonichukiza, "Basi tufanye hivi. Krismasi weka yako, utafsiri wewe. Kesho yake naweka yangu, natafsiri mimi. Atakayeshinda achukue maiki ya katuni, na mwenzake akae mlangoni."

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilikuwa na ng'ambo nzima upande wangu. Nikaandika kwenye grupu: punda atadoda, andikeni mahali.

Krismasi paka walijaza. Sikusema uongo na utabiri wangu haukusema uongo. Mabenchi yote yalijaa, wadogo wakakaa chini mbele, na roketi ilipopaa nilitoa mlio ambao hata mimi mwenyewe niliuonea fahari. Walitoka wanapiga makofi. Mke wangu alinipa pilau yenye nyama nyingi kuliko kawaida na kusema, "Umefanya vizuri." Nilitafuta kinyongo usoni mwake nikakikosa, na hilo nalo likaniudhi.

Usiku huo nilimwomba Mungu mvua. Mwaka huo mvua ilikuwa imechelewa, mkoa mzima ulikuwa unaiomba, makanisani na misikitini, wazee kule vijijini nao kwa njia zao. Wao waliomba kwa ajili ya mtama na alizeti. Mimi niliomba kwa ajili ya bati letu, kwa sababu kibanda hakina dari, na mvua ikipiga pale hakuna binadamu anayesikia maiki. Husemwa dua la kuku halimpati mwewe. La kwangu lilimpata mchana kweupe.

Watoto walikuwa wameshaingia, wachache kuliko jana, nami nimeshaliona hilo na kulifurahia. Punda ndiyo kwanza amegoma mara ya kwanza na kusema "Siendi", mbingu ikafunguka. Nilikuwa mlangoni. Nilimwona mke wangu akisema, midomo inatembea, na hakuna kilichosikika ila bati. Watoto wakaanza kugeukageuka. Nikaegemea mwimo wa mlango, nimetulia, kama mtu aliyemaliza kazi.

Akaweka maiki chini. Akasimama mbele ya skrini, upande mmoja asiwazibie, akanyoosha mikono kama anavyofanya na wale wa chekechea. Punda akafika mtoni. Bibi akavuta kamba. Madam akawaelekezea kidole, akafungua mdomo wake wote, na wote kwa pamoja wakapiga kelele: "Siendi!"

Mvua ilisikika ndogo. Punda akafika kilimani: "Siendi!" Punda akafika kwenye mbuyu, akafika kwa mkusanya ushuru: "Siendi!" Bibi kizee alipofika sokoni na kuwasalimu watu, mke wangu akapaza salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na kibanda kizima kikaitikia kama mkutano wa hadhara. Watu waliokuwa wanakimbia mvua barabarani wakasimama. Wakaingia kina mama na vikapu vyao, akaingia fundi baiskeli, akaingia mzee mmoja aliyelowa akacheka mpaka akaomba benchi. Niliwapisha mmoja mmoja. Hakuna aliyeniangalia.

Jioni nilimwambia nilichojiandaa kumwambia. "Wameingia kwa sababu ya mvua. Hata ungewawekea ukuta mtupu wangeingia."

Alinijibu kwa sauti iliyokwaruza, maana koo lilikuwa limekwisha kwa kupiga kelele. "Katuni haipimwi siku ya kwanza. Si maneno yako hayo?"

Kesho yake anga lilikuwa jeupe, ardhi inanuka vizuri, nusu ya mtaa imekimbilia mashambani kupanda. Nilifungua kibanda kwa tumaini dogo. Watoto walikuwa wameshajaa uani. Walikuja na wadogo zao mgongoni, walikuja wa jana na wasiokuwa wa jana, na nilipowauliza wanataka paka au punda, hata sikupata nafasi ya kumaliza. Nikaingia ndani kumwambia mke wangu ameshinda. Aligusa koo lake, akajaribu kusema, pakatoka hewa tupu.

Akaokota maiki, akanipa.

Hivyo ndivyo nilivyoishika, siku ile ile niliyoipoteza. Alikaa kando yangu kwenye kigoda, khanga imezungushwa shingoni, mdomo umefungwa. Nilianza kwa namna yangu. Bibi kizee nikampa Kiswahili cha kwetu, cha kupambwa, na watoto wakanisikiliza kwa adabu. Hakuna kinachomuumiza mtafsiri wa katuni kama adabu ya watoto.

Punda akafika mtoni akasimama. Nikavuta pumzi niseme, na mke wangu akaniwekea mkono gotini, akaubonyeza. Nikaelewa kwamba nisubiri. Kwenye skrini kamba inavutwa, masikio ya punda yanalala taratibu, na kibanda kizima kimya. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kusema. Mkono haukuondoka. Mtoto mmoja mbele akaanza kupaliwa na kicheko, na bado mkono haukuondoka. Kisha akauinua.

"Siendi," nikasema, chini chini.

Benchi la mbele lilipinduka na wote waliokuwa juu yake. Sijawahi kupewa kicheko cha namna ile, si kabla wala baada, na nilijua si cha kwangu. Nilimgeukia. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, anawatazama wao, si mimi. Nilimwonea wivu kuliko siku ile ya kwanza. Punda alikuwa anakikaribia kilima. Nikalisogeza goti langu chini ya mkono wake, nikangoja.