Esau Hakusubiri Shikamoo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kanisa dogo huko Masieda, nilihubiri habari za Ruthu nikiwa nimeinamia karatasi tangu mwanzo hadi mwisho. Sikuwa nimesoma chuo cha Biblia. Nilijifundisha kwa redio, kwa simu, na kwa itifaki ya kuazima, yaani kile kitabu kinachokuonyesha neno fulani limeandikwa wapi katika Biblia nzima. Baada ya ibada Mchungaji alinishika bega.

"Umesema vizuri, mwinjilisti. Ila ulikuwa unamhubiria nani? Hukutuangalia hata mara moja."

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii. Mwinjilisti ndiye anayebaki na waumini Mchungaji anapozunguka kwingine: anaongoza ibada, anafundisha kipaimara, anatembelea wagonjwa. Najua wazee watanicheka nikisema nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini na tano. Lakini amepatikana mwinjilisti aliyesomea, mimi nimerudi kwenye viazi vyangu, na nashukuru.

Fungu, yaani sehemu ya Biblia iliyopangwa kwa kila Jumapili, Mchungaji alinifundisha kulisoma kwa sauti, kisha kujiuliza: nani anaongea, anaogopa nini, na Mungu anafanya nini hapo. "Funzo moja tu," alisema. "Mtu anayewahi kukamua ng'ombe hawezi kubeba mafunzo saba."

Mimi nilibeba saba. Nilikuwa nikikosea aya moja madhabahuni, mchana wote naitafuta tena kwenye Biblia. Usiku narudia mahubiri yote kichwani, nikiyasahihisha, wakati waumini wamelala zao.

Nilipohamishiwa Gitting, kwenye baridi ya mlimani, Mzee wa Kanisa alinieleza habari za ndugu wawili, Bura na mdogo wake Danieli. Tangu wagawane shamba la baba yao hawakusalimiana. Kwetu, mdogo akipita mbele ya kaka yake bila shikamoo, ameshasema yote. Mama yao alikuwa mgonjwa, hainuki kitandani. Danieli alimwona asubuhi, Bura jioni, ili wasikutane.

"Mama anataka awaone wote wawili pamoja angali hai," Mzee alisema. "Jumapili mchana nawaita pale kwake. Wewe leta neno. Wakiachwa hivi hivi, tutawakutanisha kaburini."

Nilichagua Mwanzo thelathini na tatu, Yakobo anapokutana na kaka yake Esau baada ya ugomvi wa miaka mingi. Wiki nzima niliandika na kufuta. Funzo langu nililiona wazi: Yakobo, aliye mdogo, aliinama mara saba, kwa hiyo mdogo ndiye aanze. Biblia iliniunga mkono, desturi pia.

Jumapili hiyo Bura alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Danieli alifika, akasimama nje kwenye manyunyu, hakuingia. Nikasimama mlangoni ili wote wanisikie, nikaanza kusoma. Nilipofika pale Yakobo anapoinama, Mzee alimtazama Danieli. Danieli akatazama chini. Nikafunua karatasi zangu nianze kueleza.

"Soma kwanza," Bura alisema. "Utaeleza baadaye."

Nikasoma kwamba Esau alikimbia kumlaki ndugu yake.

"Alikimbia? Huyo mwenzake alikuwa ameshafika?"

"Bado, baba. Alikuwa anakuja."

"Na huyo aliyekimbia ndiye mkubwa?"

"Ndiye mkubwa."

Kitandani mama akasema, "Na wewe umekaa."

Bura aliinuka. Alinipita mlangoni kwa nguvu hadi karatasi zikaanguka kwenye tope.

"Danieli, unalowa bure."

"Kaka, shika..." Danieli alianza, lakini kaka yake alikuwa ameshamkumbatia.

"Utanisalimia ndani. Mama anasubiri."

Ndani, mbele ya mama yao, Danieli alisema shikamoo. Bura aliitikia marahaba mara mbili, maana ya kwanza haikutoka vizuri.

"Sasa eleza, mwinjilisti," Mzee alinitania.

"Sina cha kueleza, Mzee."

"Afadhali," mama akasema. "Wapeni chai."

Wiki nzima nilikuwa nimesoma fungu lile hadi pale lilipokubaliana nami, nikaishia hapo. Yakobo alipanga mifugo ya zawadi, akawafundisha watumishi wake maneno ya kusema, kama mimi na karatasi zangu. Esau hakutaka mifugo, alimtaka ndugu yake. Naamini Mungu naye hutujia hivyo, kabla hatujamaliza kupanga maneno.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Gehandu. Huko nilihubiri nikiwatazama watu usoni. Hofu haikuniacha, hata sasa naandika haya nikifuta kila mstari. Lakini nimejifunza kupanda madhabahuni nikiwa nayo. Jiandaeni vizuri, wadogo zangu, kisha someni fungu hadi mwisho.

Mama wa Bura na Danieli aliishi hadi maharage yalipovunwa. Kwenye mazishi nilikuja kutoka Gehandu, nikaketi na waombolezaji wengine. Danieli alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia, akashindwa katikati ya sentensi. Bura akainuka, akasimama kando yake, akaimalizia.