Fahali Asiye na Kamba

Usiku ule nilipanda kitandani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, na sioni haya kulisema. Niliondoka Pemba na mkoba mmoja. Ng'ambo nilibeba nyaya za studio miaka tisa, nikasoma jioni mpaka nikapata stashahada ya utayarishaji wa vipindi, nikarudi na kuanzisha shindano la televisheni ambalo hata watoto wa chuoni walilijua. Hakuna aliyenishika mkono. Watazamaji walipoanza kutuhama wiki baada ya wiki, mkurugenzi wa kituo, Bi Salma, alinipa nafasi moja tu ya kulibadilisha, la sivyo lifungwe.

Jioni ile nilikuwa nimemtumia mpango wangu. Washiriki hawatabeba tena magunia wala kuruka viunzi. Fainali itakuwa mchezo wa ng'ombe wa kwetu, wa kumchokoza fahali aliyefungwa kamba, mbele ya kamera nane, ila fahali wetu hatafungwa. Kamba inachafua picha. Tena washiriki wasiambiwe hadi lango lifunguke, kwa sababu hofu ya kweli haiigiziki.

Nililala, nikajikuta uwanja wa ng'ombe wa kijijini, jua la mchana likichoma utosi. Zumari inalia. Wanawake wamejipanga na kanga zao, wanaimba. Nimevaa hedifoni. Katikati ya uwanja amekaa babu yangu Hamadi, aliyefariki nikiwa ng'ambo, visigino amevikita kwenye udongo na kamba ya fahali imemzunguka kiuno. Maisha yake yote babu alikuwa mshika kamba. Wenzake walicheza na fahali wakashangiliwa. Yeye alishika ncha ya pili, hakuna aliyemtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Utotoni niliwaambia wenzangu viwili vililiwa na papa, kwa kuona aibu kusema ni kamba tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umenenepa." Hakugeuza shingo, macho yake yalikuwa kwa fahali. "Weye ndiye usiyeitaka kamba yangu?"

"Inachafua picha, babu."

Wanawake wakaangua kicheko. "Msomi huyo!" mmoja akapiga kelele. "Mpeni ng'ombe, atamfunga kwa cheti!"

Kisha akaingia Kombo, muoka mikate, mshiriki wangu anayependwa kuliko wote, ameshika kipande cha jamvi cha kumchokozea fahali. Kwetu anayeingia huambiwa kwanza urefu wa kamba, ili ajue pa kusimama. Babu akapaza sauti: "Pima nne!" Kombo akahesabu hatua, akasimama, akapunga jamvi. Fahali akaja kama ukuta unaoanguka. Kamba ikakaza, babu akaburutwa, ngozi ya viganja ikabaki kwenye katani, na pembe ikakomea shubiri moja kutoka tumbo la Kombo. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

Mimi natazama kioo cha kamera. Kamba imekatiza picha kutoka kona hadi kona. Mkononi mwangu kuna panga, sijui nani kanipa. Nakata.

"Pima ngapi?" Kombo anauliza.

Hakuna anayemjibu. Anasimama palepale aliposimama mwanzo.

Pembe inaingia chini ya mbavu. Nasikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu. Anarushwa juu, anaangukia bega, na kabla hajajigeuza fahali amempigia magoti kifuani, anamsaga, anamwinua tena, utumbo unaning'inia kwenye pembe pamoja na vipande vya jamvi. Kamera nane zinaona kila kitu. Picha ni safi. Napiga kelele kwenye hedifoni, "Mfungeni! Mfungeni!" na masikioni mwangu nasikia makofi tu. Kombo ananigeuzia uso usio na taya upande mmoja, lakini maneno yanatoka sawasawa:

"Bosi, si ungeniambia?"

Nilimkimbilia babu. "Mbona hukumshika?"

"Nimshike kwa kitu gani?" Alinionyesha ncha niliyoikata. Damu ilikuwa ikimchuruzika hadi viwikoni. Akanivua hedifoni, akaniwekea mdomo sikioni, na pumzi yake ilikuwa baridi. "Vidole viwili hivi nilivitoa kwa mtu ambaye hata jina lake sikulijua. Nilikuwa nimeshamwambia pima nne. Ukishamwambia mtu, huachii."

Nyuma yake fahali amegeuka. Ananitazama mimi.

"Nenda kamwambie Kombo," babu anasema, na anajitenga kando.

Pembe iliniingia chini ya kitovu, ikapanda. Nikaamka sakafuni, nimeung'ata ulimi, mdomo umejaa damu.

Kulikuwa kunapambazuka. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Bi Salma: wadhamini wameupenda mpango wangu, wameukubali kama ulivyo, na wanataka kuniona saa nne. Hongera, aliandika. Nilijua nikiuharibu sitapewa kipindi kingine. Mji wetu ni mdogo, na kazi hii ni ndogo kuliko mji. Nilikaa pale sakafuni nikiwaza miaka yangu tisa. Mate yalikuwa bado mekundu.

Nikampigia Kombo. Waoka mikate huwa macho saa hizo.

"Bosi! Kwema? Mbona mapema hivi?"

"Kombo, fainali mtaingizwa kwa fahali. Hatafungwa. Niliagiza msiambiwe."

Nilisikia mlango wa tanuri ukibamizwa.

"Nani aliyepanga hivyo?"

"Mimi."

"Na wenzangu?"

"Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Alivuta pumzi ndefu. "Basi bosi, n'samehe. Mimi nina watoto. Siingii."

"Usiingie," nikamwambia, nikakata simu na kumpigia wa pili.