Meno ya Anaeli

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa kuni pale kijijini Akheri, enzi za Wajerumani, mdogo wangu Anaeli alipoota meno ya juu kabla ya ya chini. Bibi, mama yake baba, alimfunua mdomo, akamrudisha kwa mama. Kila mtu alijua maana yake: kigego. Mtoto wa namna hiyo hakulelewa. Aliachwa porini, la sivyo angemmaliza baba yake.

Baba alikuwa amebatizwa mwaka uleule, akisali hata kabla ya kukata majani ya ng'ombe. Bibi ubatizo hakutaka hata kuusikia.

"Mwanangu," alimwambia, "ukimweka huyu, mvua hazitakukuta hapa."

"Mama, Mungu aliyempa meno ndiye aliyempa uhai. Simtupi."

Nilimpenda baba siku ile kuliko siku zote. Lakini kabla ya mvua, vita ya Wajerumani na Waingereza ikaja, na askari wakapita wakikamata wanaume wa kubeba mizigo. Baba walimkamatia shambani. Baadaye mwenzake mmoja alirudi na habari kwamba kuhara kulimwua njiani, wakamfukia hukohuko.

Watoto wa jirani waliacha kumgusa Anaeli. Hata mama, Mkristo kama baba, alimnyonyesha akitazama pembeni. Siku moja wazee wa ukoo wakaja kumchukua, wamalize mkosi. Mama hakuwazuia. Nilidhani ndiyo basi. Bibi ndiye aliyemnyakua mtoto, akakaa naye mlangoni.

"Mama, si wewe uliyesema?" mkubwa wao akamwuliza Bibi.

"Nilisema, na bado nasema. Huyu ameniulia mwanangu. Lakini mwanangu alikataa asitupwe, na neno hilo ndilo la mwisho aliloniachia. Mkimtaka, anzeni na mimi."

Waliondoka wakinung'unika. Bibi akamlea mwenyewe, na hakubatizwa mpaka anakufa.

Nimezeekea kanisani. Nimehubiriwa mara nyingi kumpenda adui, nami huitikia amina pamoja na wengine. Lakini likitajwa neno adui, namwona yule bibi, akiamini kabisa kwamba mtoto aliyempakata ndiye aliyemwua mwanawe, na huku anampulizia mtori usije ukamwunguza. Mimi niliyebatizwa sijafika hapo, na sidhani kama nitafika.