Sura Niliyotaka Kuiruka

Nakumbuka asubuhi moja pale Turwa, mwanangu, kabla mji wa Tarime haujayameza mashamba yetu, nilipojaribu kumdanganya bibi yangu kwa Biblia yake mwenyewe.

Bibi Robi, mama yake baba, hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa yamefifia. Tangu nilipokuwa darasa la nne kazi yangu ilikuwa kumsomea sura moja kila asubuhi, yeye akipepeta mtama, kabla sijaenda kokote. Iwe mvua, iwe msiba, tulisoma. Nilifikisha miaka ishirini na miwili bado nasoma, mara nyingine nikipiga miayo. Haba na haba hujaza kibaba, ila kijana hakioni kibaba kikijaa.

Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa katika zizi la baba mdogo, Mwita, na mchumba wangu Wankuru alikuwa akinisubiri. Basi baba mdogo akalitamani shamba la jirani yetu, Mama Ghati, mjane. Akang'oa mikonge ya mpaka, akaipanda upya karibu kabisa na jiko la yule mama. Mama Ghati akashtaki kwenye baraza la kata. Shahidi aliyebaki nilikuwa mimi, kwa sababu nilipokuwa mtoto mimi ndiye niliyemshikia marehemu mumewe miche siku alipoipanda mikonge ile.

Baba mdogo akaniita zizini. "Chacha, utasema mpaka ulikuwa hapo tangu zamani. Damu ni nzito kuliko maji. Ukisema vingine, ng'ombe hawa utaishia kuwatazama."

Nikakubali. Sikufichi, mwanangu, nilikubali upesi kuliko ninavyokusimulia.

Toka siku hiyo sikumsomea bibi. Mara kichwa kinauma, mara nawahi shamba. Asubuhi ya tatu akanishika mkono nikipita mlangoni. "Siku mbili hunisomei. Umegombana na nani, na mimi au na Mungu?"

Nikaketi, nikafungua. Tulikuwa tumeishia kwenye vita, na sura iliyofuata ilikuwa ile ya mfalme aliyetamani shamba la mizabibu la jirani yake. Mke wake akatafuta mashahidi wa uongo, na mwenye shamba akapigwa mawe hadi kufa. Nikaitambua mara moja. Nikafunua mbele, nikaanza sura nyingine.

Bibi akaweka ungo chini. "Umeruka."

"Hapana, bibi."

"Chacha! Baada ya vita vile linakuja shamba la mizabibu. Nilianza kusomewa kitabu hiki wewe hujazaliwa. Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwa wale mashahidi nikafunga kitabu, nikamweleza yote. Hakunibembeleza. "Kumbe shahidi yule ni wewe," akasema. "Hata jina lake halikuandikwa. Ng'ombe watakufa, mjukuu wangu. Neno utakalolisema kesho utaishi nalo."

Kesho yake baraza lilijaa watu. Baba mdogo alikaa mbele pamoja na wazee wa ukoo. Nikasimama, magoti yakinitetemeka, nikasema, "Mpaka ulikuwa kule kwenye mfereji. Miche niliishika mimi kwa mikono hii. Mikonge ya sasa ameihamisha baba mdogo."

Mzee mmoja wa ukoo akafoka, "Unamuuza baba yako kwa ajili ya mwanamke wa kuja, asiye wa ukoo wetu?"

"Simuuzi mtu, mzee. Nimekataa kununuliwa."

Mama Ghati akarudishiwa shamba lake. Na mimi? Ng'ombe wale wakatolewa mahari ya mtoto wa baba mdogo. Wankuru akaolewa Sirari hata mavuno hayajafika. Nililia, mwanangu. Asikudanganye mtu kwamba kumtii Mungu hakuumi. Nililima vibarua miaka sita ndipo nikapata mahari ya kumwoa mama yenu. Baba mdogo hakuitikia shikamoo yangu mpaka alipokuwa mzee wa mkongojo, lakini kila nilipokutana naye nilimwamkia. Kumkatalia dhambi si kumvunjia heshima.

Leo mnaniambia, "Mzee, Biblia iko kwenye simu, tutasoma Jumapili." Kisha mnakwenda machimboni, mnapata kazi kwenye hoteli za kule Ikoma, na huko mnaambiwa saini hapa, fumba macho pale. Mnarudi nyumbani mnaambiwa mpeleke binti akakeketwe, ndivyo tulivyo. Na mimi nasema sivyo tulivyo! Nilikataa nikiwa kijana asiye na kitu, na nitakataa mpaka nizikwe. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Neno la Mungu si hirizi ya kufunuliwa siku ya shida, na kisima hakichimbwi siku ya kiu. Soma kila siku, hata siku usiyosikia ladha. Soma kwa mpangilio, usichague yanayokufurahisha, maana sura unayotaka kuiruka ndiyo inayokujua. Siku watakapokuja na ng'ombe wao, au na vitisho vyao, jibu litakuwa limekwisha kuota ndani yako.

Nenda, mwanangu. Mungu aupe ulimi wako ukweli na magoti yako nguvu. Na hata yakitetemeka, simama hivyo hivyo.