Mkamwana Asiyejua Kikurya

Mama mkwe wangu ni Mkurya wa Susuni. Mimi ni Mjaluo, nimezaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Yeye hakujua Kijaluo na mimi sikujua Kikurya, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili, ambacho si lugha ya mama kwa yeyote kati yetu. Changu nilikipata shuleni. Chake alikiokota sokoni Sirari, pale mpakani, alikokuwa akiuza ndizi. Kilikuwa cha kubomoabomoa, lakini kilitutosha.

Kama nawe umeolewa mbali na kwenu utanielewa: nyumba ngeni huanza kuwa yako siku mtu mmoja ndani yake anapokutania. Mara ya kwanza nilipompikia samaki mzima, aliitazama sahani, kisha akaisukuma.

"Mjaluo wangu, hii samaki inaniangalia."

"Mgeuze, mama."

"Huko pia iko na jicho!"

Tulicheka mpaka mume wangu akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Nilipomwomba anifundishe Kikurya, alikataa. "Ya nini? Ukijua, utasikia vile wanakusema." Basi tukaendelea hivyo miaka yote. Nyumba nzima ilizungumza Kikurya, na yeye akinigeukia mimi alibadili lugha, na hata uso wake ulibadilika kidogo.

Kisha akaanza kusahau. Wengi wetu hudhani usahaulifu huanza na majina ya watu. Kwake ulianza na Kiswahili. Siku moja aliniomba chumvi kwa Kikurya, nikadhani ni utani wake. Baadaye akawa ananijibu nusu kwa nusu, halafu hanijibu kabisa. Muuguzi mmoja alinieleza kwa upole kwamba mara nyingine lugha iliyoingia mwisho ndiyo hutangulia kutoka. Hilo nililielewa. Nilichoogopa kumuuliza ni kama mtu uliyekuwa ukizungumza naye kwa lugha hiyo naye huondoka pamoja nayo.

Nikaamua kujifunza. Mume wangu alinifundisha tukipalilia mihogo, nao watoto wakinisahihisha huku wamejishika mbavu. "Mama, hapo umemwita bibi ng'ombe!" Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini usikate tamaa ukiwa na jambo kama hili: mtu mzima hujifunza akiwa na sababu, na mimi nilikuwa nayo.

Baada ya miezi mingi, asubuhi moja nilimpelekea uji, nikamuuliza kwa Kikurya kama amelala salama. Uso wake ukang'aa. Akanishika mkono, akaanza kuongea, na kwa mara ya kwanza nilimfuata neno kwa neno bila mkalimani.

"Wewe una heshima," alisema. "Mimi nilikuwa na mkamwana, Mjaluo. Alikuwa ananichekesha. Amerudi kwao, hata hakuniaga."

"Mama, ni mimi," nikamwambia kwa Kikurya. "Sijaenda popote."

Akacheka polepole, kama anavyochekwa mtoto aliyedanganya vibaya. "Yule hajui Kikurya."

Nikarudi kwenye Kiswahili chetu. Nikamweleza taratibu, nikimwangalia machoni, kwamba mimi ndiye yule, kwamba nilijifunza kwa ajili yake. Alimgeukia mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni, akamuuliza huyu mwanamke anasema nini. Mume wangu akatoka nje.

Mama akanigeukia mimi tena. "Unapitapita Sirari? Ukimwona, mwambie arudi."

Nikasema nitamwambia. Ningesema nini tena, na uji ulikuwa unapoa?

Siku hizi huniuliza karibu kila asubuhi kama nimemwona. Na mimi, kwa Kikurya kinachozidi kunyooka, humjibu kwamba bado.